Vifua Vitatu vya Bibi Mwamvita

Kituo cha polisi cha Kibaha hakikuwa na taa ya kusomea picha za eksirei, kwa hiyo Inspekta Eugenia alizibandika kwenye kioo cha dirisha, jua la asubuhi likafanya kazi ya umeme. Picha zilikuwa tatu, za vifua vitatu. Chini ya kila kimoja, kwa wino mweupe, liliandikwa jina moja: Mwamvita Ayuba.

"Nieleze tena, Sista," alisema. "Polepole, kama unamfundisha mtoto wa darasa la kwanza."

Sista Stellamaris alikuwa daktari wa hospitali ya masista ya Mlima Ndege, mwanamke mfupi mwenye haraka. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayeogopa kukichafua. Yeye mwenyewe ndiye aliyeleta malalamiko, na ilionekana wazi kwamba tayari alikuwa anajuta.

"Ya kwanza hii. Tazama bega la kushoto, hivi vitone vyeupe. Ni marisau, yale magololi madogo ya risasi ya gobore. Huyu alipigwa risasi zamani akapona, vyuma vikabaki mwilini. Vilinizuia kuona vizuri ncha ya pafu, nikaagiza aitwe tena."

"Akaja."

"Akaja mtu. Hii ya pili. Marisau yako wapi?"

Eugenia alisogeza pua hadi kwenye kioo. Marisau hayakuwepo.

"Badala yake kuna ubavu uliowahi kuvunjika ukaunga upande. Nikadhani mpiga picha wetu kachanganya majina. Nikaagiza aitwe mara ya tatu, nikapata hii. Haina marisau wala ubavu mbovu. Kifua safi kabisa, Inspekta, lakini ni cha nani?"

Jalada la ombi lilikuwa mezani. Mwamvita Ayuba, mkunga wa jadi, mkimbizi kutoka Msumbiji, anaishi Kijiji cha Ujamaa Mwanzo Mgumu, upande wa Kisarawe. Msumbiji ilikuwa imekwisha kupata uhuru mwaka uliotangulia, na wakimbizi waliotaka kubaki walitakiwa waombe kibali. Mwombaji alitakiwa apimwe: aoneshe kovu la chanjo ya ndui, atolewe damu, na kifua chake kipigwe picha kuhakikisha hakina kifua kikuu. Bila cheti cha daktari, ombi lilikuwa karatasi ya kufungia karanga.

"Uhamiaji wanataka jibu langu Ijumaa," Sista alisema. "Nikiandika kwamba kuna udanganyifu, ombi linafutwa papo hapo. Jumatatu kuna lori la kuwarudisha watu mpakani."

"Huko ana nani?"

"Hana mtu. Jalada linasema wote walikwisha vitani."

Eugenia aligeuza kurasa. Mjini Dar kulikuwa na uvumi wa watu wanaouza vifua: mgonjwa anatoa chochote, mzima anaingia chumba cha picha kwa jina lake. Wakubwa walikuwa wanautafuta mtandao huo kwa udi na uvumba, na tukio hili lilikuwa na kila dalili yake. Hata hivyo kulikuwa na jambo moja lililokataa kumkaa kichwani.

"Sista, wewe ungekuwa mwizi, ungepeleka vifua vingapi?"

"Mimi?"

"Ungepeleka kimoja. Kifua kile kile mara tatu, na leo usingekuwa hapa. Mwizi gani mjinga kiasi cha kubadilisha mtu kila safari?"

Eugenia alizibandua picha, akazirudisha kwenye bahasha yake, akaita gari.

*

Wilfred, mpiga picha wa Mlima Ndege, alikuwa kijana mrefu mwenye koti jeupe lenye madoa ya dawa za kusafishia filamu. Alipoona sare ya polisi alifunga vifungo vyote vya koti, hadi cha shingoni.

"Wewe ndiye uliyewapiga picha wote watatu," Eugenia alianza.

"Nilimpiga mmoja mara tatu, Ndugu Inspekta. Ndivyo nilivyojua."

"Una macho, Wilfred?"

"Ninayo."

"Uliona sura tatu tofauti, ukadhani ni moja?"

Wilfred alionesha mlango wa chumba cha picha. "Chumba chetu kina giza, na mimi naangalia kifua, siangalii sura. Mama wa Kiislamu anaingia amejitanda khanga, anaona haya, nami naona haya. Namwambia weka kidevu hapa, mabega mbele, vuta pumzi, usiachie. Basi. Anatoka."

"Nani alikulipa ufumbe macho?"

"Hakuna!" Sauti ilipanda. "Wallahi, mimi ni Mkristo lakini wallahi, hakuna. Nilijua ni yule yule kwa sababu ya jembe."

Kalamu ya Eugenia ilisimama. "Jembe lipi?"

"Alikuja na jembe. Mara ya kwanza nilimwambia liache nje, likaegeshwa pale ukutani. Mara ya pili naona mama na jembe, nikasema huyu hapa amerudi. Mara ya tatu vivyo hivyo. Nimepiga picha watu wengi humu, hakuna mwingine aliyewahi kuja kupimwa kifua na jembe begani."

Eugenia alikwenda ukutani. Kwenye chokaa palikuwa na mikwaruzo ya udongo mwekundu, mahali ambapo makali ya jembe yaliegemea. Ukuta haudanganyi kwa sababu hauna mjomba wala shangazi. Alirudi akiwa amekunja uso.

"Swali la mwisho. Jalada linasema Mwamvita Ayuba ni Mmakonde mzee. Ana chale usoni, na mdomo wa juu una tundu la ndonya, lile pambo la mdomoni. Katika hao wenye majembe, nani alikuwa na tundu mdomoni?"

Wilfred alifikiri kwa uaminifu. "Hakuna. Hilo ningeliona hata gizani."

Kwa hiyo katika vifua vitatu, hata kimoja hakikuwa cha mwenyewe. Eugenia aliandika hivyo, akapigia mstari. Kisha, chini ya mstari, akaandika neno jembe, akaliwekea alama ya kuuliza.

*

Alfajiri ya Alhamisi Land Rover ya polisi iliipita Dutumi ikashika njia ya upande wa Kisarawe, njia ambayo konstebo Jumbe aliijua kwa makalio kuliko kwa macho. Jumbe alikuwa Mzaramo wa Janga. Bosi wake alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Hao ni watani tangu enzi za misafara, na tangu siku ya kwanza Jumbe alikuwa amekiri kwamba utani ndio posho ya kazi hii.

"Afande, tukifika kijijini nitashuka mimi kwanza. Wazaramo wakimwona Mnyamwezi asubuhi asubuhi watadhani umekuja kuomba mzigo wa kubeba."

"Shuka. Na wewe wakikuona bila ngoma watajua u mgonjwa."

Jumbe alicheka, halafu akaacha utani. "Huyu bibi namsikia, afande. Hata Janga anajulikana. Dada yangu alikwama siku mbili, mtoto kakaa upande tumboni. Walimfuata Bibi Mwamvita kwa baiskeli. Leo yule mtoto anaimba darasani. Ukimfunga huyu, mimi Janga sirudi."

"Simfungi mtu. Natafuta jembe."

Walikuta kijiji chote kimekusanyika kwenye shamba la ujamaa, ukingoni mwa mihogo, kila mtu na jembe lake. Mwenyekiti, Mzee Saburi, mtu wa kanzu iliyokunjwa hadi magotini, alikuwa anaita majina kwa kichwa, bila karatasi. Eugenia alimzuia Jumbe kwa mkono, wakasimama nyuma ya mkorosho.

"Mwinyimadi Pazi!"

"Nipo!"

"Kidawa Mwinyi!"

"Nipo!"

"Mwamvita Ayuba!"

"Nipo!"

Eugenia alitoka nyuma ya mkorosho. Aliyeitikia alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mtoto mgongoni, jembe begani, mdomo mzima, shavu laini kama embe bichi.

"Wewe," Eugenia alisema. "Njoo hapa. Unaitwa nani?"

Binti alimtazama mwenyekiti, akatazama sare, akajibu bila kutetemeka. "Swaumu."

"Nimekusikia kwa masikio yangu ukiitikia Mwamvita Ayuba."

"Ndiyo. Leo ni zamu yangu."

"Zamu ya nini?"

"Ya kuwa Bibi Mwamvita."

Kicheko kidogo kilipita katikati ya wanawake, kikakatika. Mzee Saburi alisogea, akamwamkia mgeni kwa adabu, akamkalisha kwenye kigogo. Eugenia hakukaa.

"Mzee wangu, kujifanya mtu mwingine mbele ya serikali ni jela. Nataka kuelezwa, na nataka kuelezwa sasa hivi. Kuna mtu amekwenda hospitali ya Mlima Ndege kwa jina hilo. Na mtu huyo ana marisau bega la kushoto."

Hakuhitaji kungoja. Mwanamke mmoja mnene, mwenye sauti iliyozoea kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde, aliteremsha khanga begani. Ngozi ilikuwa na vidoa vyeusi vilivyotawanyika.

"Mimi huyo. Kidawa. Mume wangu alikuwa anavizia nguruwe mihogoni, akanidhania nguruwe. Nimemsamehe, lakini simruhusu asahau."

"Na mwenye ubavu uliovunjika?"

"Mimi, Tatu," alisema mwingine. "Nilianguka kwenye mkorosho."

"Na wa tatu ni mimi," akasema Swaumu. "Sina kilichovunjika."

Jumbe aliachia pumzi nyuma yake. Eugenia, katika miaka yake yote ya kazi, hakuwahi kupata maungamo matatu kabla hajatoa kalamu mfukoni. Watuhumiwa hukana, hulia, husingizia marehemu. Hawa walikuwa wanangoja swali linalofuata kama watu walioulizwa bei ya mchicha.

"Nani aliwatuma?"

Kidawa alishangaa. "Atutume nani? Mama, wewe si wa huku, ngoja nikueleze. Shamba hili ni la wote. Asubuhi jina linaitwa, unaitika, jembe linaingia kazini. Asiyeitika, siku ya kugawana mavuno hana fungu. Sawa?"

"Sawa."

"Sasa Bibi Mwamvita ataitika saa ngapi? Mtoto hachagui siku. Jina linaitwa huku, yeye yuko kwenye kitanda cha mwenzio huko, mikono imejaa damu. Mwaka ule wa kwanza alikosa fungu, mkunga wetu, akala mapapai. Tukaona aibu. Wanawake tukakaa, tukasema: kila ambaye Bibi amempokelea mtoto, ana deni la siku. Zamu yako ikifika, unaitikia jina lako, halafu unaitikia la Bibi, unalima matuta mara mbili. Imekwisha."

Eugenia alimgeukia mwenyekiti. "Na wewe ulijua?"

"Mimi nahesabu majembe, mwanangu. Sihesabu sura."

Maneno hayo Eugenia alikuwa ameyasikia jana yake, kwa mavazi mengine, kwenye chumba chenye giza. Neno jembe likaanza kujiondolea lenyewe alama ya kuuliza.

"Na hospitali?"

"Alikuja tarishi kwa baiskeli," alisema Mzee Saburi. "Akasema Mwamvita Ayuba anatakiwa hospitali ya Mlima Ndege siku ya Jumatano, bila kukosa. Hakusema kwa nini. Sisi hospitali hutuita kila mara kujitolea, kufyeka majani, kubeba mchanga wa wodi. Bibi alikuwa kazini Magindu, kuna mzazi huko. Nikaita jina."

"Nikaitika," alisema Kidawa. "Ilikuwa zamu yangu. Nikachukua jembe langu nikaenda. Nafika, yule kijana ananiambia liache nje, vua khanga, vuta pumzi. Nikavuta. Nikadhani siku hizi serikali inapima watu kabla ya kuwapa kazi, isije ikawaua bure. Nikangoja nioneshwe pa kulima, wakaniambia nenda nyumbani. Nikarudi nikawaambia wenzangu: kazi bado, wataita tena."

"Wakaita tena," alisema Tatu.

"Wakaita tena," alisema Swaumu.

Hakuna aliyecheka sasa, maana Inspekta naye alikuwa hacheki. Aliwaeleza bila kuficha. Ile haikuwa kazi ya kujitolea. Ilikuwa ni mkunga wao kupimwa, ili aruhusiwe kuishi. Na kwa sababu ya vifua vitatu, serikali ilikuwa inadhani Bibi Mwamvita ni tapeli, na Jumatatu lori lingempakia.

Kidawa alikaa chini, pale pale kwenye tuta, miguu imenyooka mbele. Alijifunika mdomo kwa khanga. "Yaa Rabi," alisema. "Tumemuua kwa mikono yetu."

*

Maelezo yalikuwa mazuri. Eugenia alijifunza zamani kwamba uongo mzuri huja na chai na vitafunio, kwa hiyo aliyaweka kando akaenda kumwona mwenyewe.

Nyumba ya mkunga ilikuwa mwisho wa kijiji, jiko lake likitoa moshi kwa kila upenyo. Kabla hawajabisha, walikisikia: kikohozi kikavu, kirefu, kinachotoka chini kabisa. Jumbe alimtazama afande wake. Afande alitazama mlango.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu aliyoikosa tangu jana. Kama bibi alikuwa na kifua kikuu, na wanawake wanajua, basi hadithi ya majembe na zamu ilikuwa pambo tu, na mapenzi yao kwake yalikuwa ushahidi dhidi yake.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu, karibu." Alikuwa mwembamba, chale zimepanga mistari mashavuni, mdomo wa juu una tundu la ndonya aliyoiacha zamani. Alikuwa ananawa mikono kwenye beseni, maana ndiyo kwanza amerudi kwa mzazi. Bila kuuliza zaidi aliweka kiganja chenye maji juu ya tumbo la Inspekta. "Wa miezi mingapi?"

"Hapana kitu, bibi. Ni mkanda wa kazi."

"Aa. Basi atakuja. Kiuno kizuri."

Jumbe aligeukia ukuta, mabega yakamtikisika. Eugenia alijikaza.

"Bibi, umewahi kwenda hospitali ya Mlima Ndege?"

"Sijawahi."

"Uliitwa mara tatu."

Beseni liliinama mkononi mwake, maji yakamwagika. "Niliitwa? Mimi?" Alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. "Mwanangu, mimi nangoja kuitwa tangu masika. Walisema utaitwa upimwe, ukiwa mzima unabaki. Sikuitwa. Nikajua jina langu limefutwa. Kila nikisikia gari naweka maji chini, nasema ndilo lile lori. Hata hili lako, nimenawa haraka ili nisiondoke na damu ya mzazi mikononi."

Eugenia alimtazama kwa makini, kama alivyotazama ukuta wa hospitali. Aliona hofu, ila haikuwa ya mtu aliyekamatwa. Ilikuwa hofu ya mtu aliyesubiri kwa muda mrefu bila kumwambia yeyote.

"Bibi, wanakijiji hawakukwambia kwamba wanaitikia jina lako shambani?"

"Waitikie kwa nini?"

"Ili upate fungu."

Bibi Mwamvita hakuelewa upesi. Alitazama kona ya nyumba, palipo na pakacha za mihogo mikavu na mtama wa mwaka jana. "Hilo ni huruma ya mwenyekiti," alisema taratibu. "Nilijua ni sadaka. Mgeni anapewa sadaka."

"Si sadaka. Kila tuta limelimwa kwa jina lako. Kwa nini hawakukwambia?"

Aliyejibu alikuwa Kidawa, kutoka mlangoni. Nyuma yake walikuwepo nusu ya wanawake wa kijiji, hakuna aliyethubutu kuvuka kizingiti. "Kwa sababu ukimwambia, umemsimbulia. Mtu kakutolea mtoto salama, nawe umlimie matuta mawili halafu uyatangaze? Afadhali usilime."

Bibi Mwamvita alifunika uso kwa mikono ile ile miwili. Alilia kwa sauti, bila haya, akikohoa katikati ya kilio. "Miaka yote hii," alisema, "miaka yote nadhani nala cha bure. Ahsanteni. Ahsanteni, wanangu. Mungu awape."

Wanawake nao wakaanza. Jumbe akatoka nje kuangalia tairi ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Eugenia aliwaacha walie kidogo. Kisha akasema lile lililobaki. "Kesho alfajiri nitakuja mwenyewe. Utapimwa wewe, bibi, na mimi nitasimama mlangoni. Kifua kikiwa kizima, nina la kuandika. Kikiwa na ugonjwa, hakuna atakayeamini habari ya majembe, hata mimi itaniwia vigumu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Hakuna atakayekushikia zamu."

*

Ijumaa, Mlima Ndege. Eugenia alimwongoza bibi kwa mkono hadi chumba cha giza, akamwonesha Wilfred tundu la ndonya na chale kwa mwanga wa mlangoni.

"Huyu ndiye. Mtazame sura safari hii."

"Namtazama, Ndugu Inspekta." Na kweli alimtazama, hadi bibi akamwambia, "Wewe ulizaliwa miguu mbele, inaonekana," naye akaangusha kasha la filamu.

Kisha wakangoja. Damu ilichukuliwa, makohozi yakaenda kwenye darubini, kovu la chanjo likaonekana begani, limetulia. Filamu ilikuwa inaning'inia kwenye waya, inachuruzika maji. Eugenia alisimama nje ya chumba cha Sista na kurudia hoja zake kimya kimya. Vifua vitatu tofauti. Majembe matatu. Maungamo ya papo hapo. Nia ya kudanganya haikuwepo mahali popote, na bila nia hakuna kosa. Ilikuwa hoja nzuri, na ingesimama au kuanguka kwa kitu kinachokauka kwenye waya.

Nje barazani palikuwa na vumbi jipya. Wanawake wa Mwanzo Mgumu walikuwa wamefika. Walitembea usiku kucha, wote na majembe, wakayapanga ukutani, wakakaa kwenye benchi na chini ya benchi. Kidawa alisema, kabla hajaulizwa: "Tumekuja kufyeka. Majani yenu yamezidi. Tukiwa hapa tutasikia na habari."

Mlango ulifunguka. Sista Stellamaris alikuwa na filamu mkononi, bado ina unyevu, na alimsogelea Eugenia kwanza.

"Si kifua kikuu," alisema kwa sauti ndogo. "Makohozi hayana kitu. Ni moshi, Inspekta. Miaka ya kuchemsha maji ya wazazi kwenye jiko lisilo na dirisha. Nitampa dawa, na hao wenye nguvu waende wakamtobolee ukuta."

Eugenia alitikisa kichwa kukubali. "Ahsante, Sista," alisema, na hakuna shukrani aliyowahi kuitoa ikiwa imekamilika kama ile.

"Nami nakushukuru. Ningekuwa nimekwisha kuandika udanganyifu." Sista alinyoosha cheti, akakohoa, akasimama mbele ya baraza kama sheria ya hospitali inavyotaka, maana cheti hakitolewi hadi mwenyewe aitwe kwa jina na kuweka kidole gumba mbele ya daktari.

"Mwamvita Ayuba!"

"Nipo!"

Walikuwa kumi, kumi na tano, sauti moja, nusu yao wamekwisha kusimama. Swaumu alikuwa ameshika jembe. Kisha wakatazamana, wakaona walichofanya, Kidawa akajipiga kofi mdomoni, na mmoja mmoja wakakaa chini wakiinamisha vichwa. Sista alimtazama Eugenia. Ushahidi gani mwingine wa ile zamu ungetakiwa?

Bibi Mwamvita alikuwa amekaa mwisho wa benchi, khanga magotini, anangoja kama wengine. Miaka yote likiitwa jina hilo, yeye yuko mbali, mikono imejaa kazi, na kuna mtu mahali fulani anaitikia.

"Bibi," Eugenia alimwambia polepole. "Ni wewe."

Bibi aliinuka. Alishika bega la Kidawa, lile lenye marisau, akajinyoosha hadi mwisho wa urefu wake, akatazama nyuso zote za watu aliowapokelea watoto.

"Nipo," alisema. "Nipo hapa, wanangu."